Mbegu Nyeusi za Rahma

Watu wa Malindi, ile ya milimani kwa Wasambaa, walikuwa na msemo wao kuhusu Halima: akikutazama mara moja utajikagua vifungo, akikutazama mara ya pili utajikagua ukoo. Hakuwa mwanamke wa matusi. Matusi aliwaachia wasio na macho, na yeye macho alipewa, tena ya kutosha kijiji kizima. Alikutazama tu, akavuta midomo upande mmoja, akasema, "Haya." Hiyo haya ilitosha kukuharibia chakula.

Alidharau kabichi za mabondeni kwa kuwa zilinyweshwa dawa kama wagonjwa wa wodini. Aliwadharau watu wa Mazinde, kule chini barabarani, kwa kuwa walinunua maharage dukani bila kuuliza yalikotoka. Alimdharau jirani yake Modesta kwa kuimba kwaya ya Kilutheri kwa sauti ya juu kuliko ya wenzake, ingawa huyo ndiye aliyekuwa shoga yake pekee. Lakini hayo yalikuwa mazoezi. Dharau yake hasa aliiweka kwa mbegu za maharage za watu wengine.

Za kwake zilikuwa za mama yake. Zilikuwa nyeupe za maziwa, zenye michirizi myekundu, na zikitiwa chunguni huiva kabla kuni hazijashika sawasawa. Mama yake alizileta kutoka Mtae alipoolewa, akazitunza kwenye kibuyu chenye majivu juu ya moshi wa jiko. Alipofariki, Halima alirithi kibuyu na shingo ya kuinua, na vyote viwili alivitunza vizuri.

Kila baada ya mavuno alikaa na ungo mapajani, akachambua. Maana katika zile za michirizi hazikukosekana nyingine: nyeusi tii, za kahawia, na vidogo vya madoadoa visivyojulikana baba yao. Halima aliziita watoto wa nje. Alizitoa moja moja kwa ncha za vidole, kama mtu anayetoa chawa kwenye nywele za mtoto wa jirani, akawatupia kuku.

Mwaka ambao mwanawe Idrisa alioa, ndipo uchambuzi ule ulipofika kilele. Idrisa alikuwa kibarua wa lori la kiwanda cha chai huko Bulwa, akarudi na mke. Jina lake Rahma, mtoto wa mchuma chai, mpole, mwenye vidole vilivyozoea kuchuma majani na wala si kupukuchua maharage.

"Chai," Halima alimwambia Modesta. "Mwanangu kazunguka milima yote hii, kaniletea jani. Jani, shoga yangu! Halishibishi, halioteshi, linaloweshwa na kutupwa."

"Lakini kila asubuhi unalinywa," alisema Modesta.

"Nalinywa. Sijasema nilioe."

Sasa kwao kulikuwa na desturi. Mwana akijenga, mama mkwe humwashia mkamwana moto wa kwanza kwa kaa la jikoni kwake, na humkabidhi kikapu cha mbegu za nyumba. Ndivyo Halima mwenyewe alivyofanyiwa, na asingethubutu kuivunja desturi hiyo mbele ya watu. Akaona njia ya kuitimiza bila kuitimiza. Alikishusha kibuyu chote, akakichambua siku nzima mpaka kikabaki michirizi mitupu, na zile alizozitoa, nyeusi na kahawia na madoadoa, akazitia kwenye kikapu. Kuku wake siku hiyo hawakupata kitu.

Alimwashia Rahma moto, akamkabidhi kikapu. Rahma akapiga magoti, akakipokea kwa mikono miwili. Alipokifunua akazitazama mbegu, kisha akasema, "Ahsante mama." Modesta alikuwepo, akaziona zile mbegu, akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha ugonjwa.

"Atafanya nini na nzuri?" Halima alimwambia wakirudi. "Atazichanganya na chai."

Miaka ikapita, kukaingia kutu. Kutu ya maharage ni ugonjwa wa majani: jani linaota vidoa vyenye unga wa rangi ya matofali, ukilipitishia kidole kidole kinatoka chekundu, na baada ya muda jani linakauka na kuanguka kabla maganda hayajajaa. Shamba la Halima lilipigwa msimu mmoja, likapigwa wa pili, likawa halipumziki. Alipulizia dawa mara moja kwa siri, usiku, huku akijifunika khanga usoni asije mtu akasema mbegu ya mama yake imenyweshwa kama kabichi. Haikusaidia. Msimu uliofuata alivuna mbegu za kurudisha ardhini tu, tena zimesinyaa.

Kwa watu alisema shamba limechoka. Kwa nafsi yake aliujua ukweli: misimu miwili mibaya zaidi, na kibuyu cha mama yake kitabaki cha kuwekea majivu.

Ng'ambo ya tuta, shamba la Rahma lilikuwa kijani. Halima aliliona kila siku, akalipatia maelezo. Lile lilikuwa upande wa jua. Na hata gugu, alisema, huwa kijani.

Ndipo wakaja watu wa utafiti. Walikuja na gari lililopakwa tope mpaka madirishani, wamevaa mabuti mapya ambayo yaliteleza vizuri kuliko viatu vya shule. Kiongozi wao alikuwa Benjamini, mtoto wa marehemu Sefania wa Mlalo. Halima alimtambua kabla hajafika uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe si ndiye uliyekuwa ukifukuzwa na bata mzinga wa Mwalimu Aron mpaka unapoteza kaptula?"

Wenzake wakaangua kicheko. "Ndiye mimi, mama," alisema Benjamini, naye akacheka. Hakukasirika, jambo lililomuudhi Halima zaidi.

"Na sasa wanasema wewe ni daktari."

"Wa mimea, mama. Zaidi maharage."

"Daktari wa maharage," alisema Halima polepole, akikionja kile cheo mdomoni. "Haya."

Alimkaribisha hata hivyo, maana mgeni ni mgeni hata akiwa kichekesho. Benjamini akaeleza kazi yake, na alieleza vizuri. Ndani ya kila mbegu, alisema, kuna maelezo marefu sana ya namna ya kuijenga: rangi yake, urefu wake, ladha yake, na jinsi inavyojikinga na magonjwa. Hayo ndiyo huitwa vinasaba. Siku hizi zipo mashine za kuyasoma yote, mwanzo hadi mwisho. Wao walikuwa wanakusanya mbegu za milima hii, wazisome, wazilinganishe zinazougua na zisizougua, mpaka wajue ni kipande gani cha yale maelezo kinachozuia kutu. Wakishakijua, watazichanganya mbegu zenye kinga na zenye ladha, na mche ukiwa bado mdogo watachukua kipande cha jani, wakisome, wajue kama umerithi. Si lazima tena kungoja msimu hadi msimu waone utaugua au hautaugua.

"Kwa hiyo nyie mnasoma maharage," alisema Halima.

"Tunayasoma, mama."

"Sisi huku tunayala."

Lakini masikio alikuwa ameyatega. Alikuwa amesikia neno kutu, akasikia na kinga, na tayari alishajiamulia jibu: kama kuna mbegu milimani inayostahili kuwa na kitu cha maana ndani yake, ni ya mama yake. Wataisoma, wataona, wataiponya. Wangempata wapi mwingine?

"Naomba kitu kimoja tu," alisema Benjamini akiinuka. "Nitapita kesho. Nipe mbegu zako kama zilivyotoka shambani. Usizichambue. Ziwe nyeusi, ziwe za madoa, ziwe ndogo, zote tunazihitaji."

"Sawa," alisema Halima.

Gari lilipoondoka alimgeukia Modesta, aliyekuwa ameegemea ua akisikiliza yasiyomhusu. "Umemsikia? Ananipima. Nani akampa mgeni maharage hayajachambuliwa? Mimi? Ili akaseme huko mjini kwamba wanawake wa Malindi hawana ungo?"

"Kasema usichambue."

"Na mgeni akisema ameshiba, wewe humpi chakula?"

Modesta akacheka, maana kwa kweli humpa. Hapo ndipo elimu ya Benjamini ilipogongana na adabu ya Halima, na adabu ikashinda. Benjamini alikuwa amesoma nje na ndani ya nchi, lakini alisahau kuwa kwa mama wa Kisambaa, "usisumbuke" maana yake ni "jitahidi sana."

Kesho yake asubuhi Halima alikaa na ungo. Katika zile mbegu chache zilizosinyaa zilikuwamo nyeusi, kama kawaida, watoto wa nje wasiokosa kurudi nyumbani. Safari hii zilikuwa zimenona. Katikati ya wenzao waliokunjamana kama vidole vya mfuaji, zilikuwa duara, zinang'aa, zimejaa. Halima aliliona hilo. Macho alikuwa nayo. Akavuta midomo upande mmoja, akazitupa kwa kuku, na jogoo akala jibu ambalo Benjamini alikuwa amelifuata kutoka mbali.

Benjamini alipopewa ile bahasha ya michirizi mitupu, aliitazama sana. "Mama, hukuzichambua?"

"Zangu ndivyo zilivyo."

Kisha yule daktari wa maharage akafanya kosa lisilosameheka: akavuka tuta akaenda kwa Rahma. Rahma aliambiwa usizichambue, naye hakuzichambua. Alichota kwenye debe kwa kibakuli akampa. Halima, aliyekuwa amewafuata kwa kisingizio cha kutafuta kuku, alikiona kile kibakuli kimejaa weusi na ukahawia mbele ya wageni na mbele ya majirani, akajitokeza.

"Hizo msije mkaandika kwa jina la nyumba yangu," alisema kwa sauti. "Nyumba yangu haijapata kuwa na maharage meusi."

Rahma aliinamisha macho.

Mvua za masika zikanyesha, ukungu ukashuka kutoka msitu wa Shume ukakaa, na kutu ikaja nao. Mara hii haikuacha kitu. Halima alizipanda mbegu zake zote, kwa kiburi, hakubakiza akiba, na alichovuna hakikuficha kitako cha kibuyu. Zilikuwa ganda tupu, nyepesi, hata mdudu asingezikubali. Alizishika kiganjani siku hiyo akalia, peke yake, shambani. Mbegu ya mama yake ilikuwa imemfia mkononi, na hapakuwa na mtu wa kumtazama kwa dharau ila yeye mwenyewe.

Tumaini lililobaki lilikuwa ile bahasha. Kwa hiyo Benjamini aliporudi na kuitisha mkutano kwenye ghala la ushirika, Halima alivaa khanga mpya na kukaa mstari wa mbele, kama mama wa bwana harusi.

Benjamini hakujua kupamba habari. Alisema wamesoma mbegu nyingi, na katika zote za upande huu, moja tu ndiyo yenye kinga kamili dhidi ya kutu ya hapa. Wameijaribu, wameipaka ugonjwa kwa makusudi, haikuugua. "Ni hii," alisema, akainua mbegu moja katikati ya vidole. Ilikuwa nyeusi tii. "Tumeipata kwa dada Rahma."

Ghala likavuma. Halima akatazama mbele, shingo imekakamaa.

"Na yangu?" aliuliza. Sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyoikusudia.

"Yako, mama, nitasema kweli. Haina kinga hata chembe. Ikiachwa peke yake kutu itaimaliza. Ila kwa ladha na kuiva upesi hatujaona ya kuishinda, tumebakiza mbegu kadhaa kwenye jokofu, na hizo ndizo tunazotaka kuzichanganya na hii nyeusi. Na kuna jambo limetushangaza." Akatabasamu, maskini, akidhani anampa mama wa watu zawadi. "Hizi mbili ni ndugu. Zina sehemu ambazo hatukuziona kwenye mbegu nyingine yoyote tuliyosoma. Zimetoka kibuyu kimoja, na hazijaachana zamani."

Watu wakaanza kutazamana, kila mmoja akikumbuka. Modesta ndiye aliyesema kwanza, maana hakuumbwa kujizuia. "Halima, si ulisema nyumba yako haijapata kuwa na nyeusi?"

Watu wakacheka. Miaka mingi walikuwa wakidaiwa kicheko hicho, wakakilipa chote.

"Dada Rahma," Benjamini aliuliza, "mbegu hii uliitoa wapi?"

Rahma alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango. Watu wote wakageuka. Halima hakugeuka. Alijua kinachokuja. Maneno yalikuwa mafupi na ya kweli: alinipa makombo yake, alinipa aliyokuwa akiwapa kuku. Angekuwa yeye, angeyasema, na angechagua pa kuweka mkazo. Alishika ncha ya khanga akangoja.

"Alinipa mama mkwe," alisema Rahma. "Siku aliponiwashia moto."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee mmoja akasimama akasema huyo ndiye mama mkwe, aliyempa mkamwana mbegu bora za kibuyu chake na yeye akabaki na dhaifu, wangapi wangeweza? Wakampigia makofi. Modesta, aliyeujua ukweli wote, alipiga makofi kuliko wote huku akimtazama Halima usoni, na kila kofi lilimfika. Halima alikaa pale akisifiwa mbele ya kijiji, akatamani ardhi ya ghala ipasuke. Katika maisha yake alikuwa amewapa watu aibu ya kila aina, lakini hii hakuijua: aibu ya kufunikwa na mtu uliyemvua nguo.

Usiku huo usingizi haukuja. Kilichokuja ni mama yake, akikishusha kibuyu kila mwanzo wa mvua, akitia mkono ndani, akichota na kupanda alichochota. Mama yake hakuwa na ungo wa mbegu. "Mvua haitazami rangi," alikuwa akisema, na Halima kwa miaka yote hiyo alidhani ulikuwa uvivu wa uzee.

Asubuhi alivuka tuta. Alikwenda mikono mitupu, na hilo kwake lilikuwa kama kwenda uchi.

"Shikamoo mama. Karibu ndani."

"Marahaba. Nimepita tu," alisema Halima, kisha akaketi kama mtu ambaye hajapita tu.

Rahma akampa chai. Ilikuwa ya Bulwa, nyekundu, ya kuletwa na ndugu zake, na Halima akainywa yote bila kusema lolote juu ya majani. Alipoimaliza alikizungusha kikombe mkononi.

"Siku ile," alisema. "Kikapu kile. Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Na jana hukusema."

"Nimesema ulinipa. Si ulinipa?"

Midomo ya Halima ilitaka kuvutika upande, kwa mazoea tu, ikashindwa.

"Siku ile nililia," alisema Rahma, bila hasira, akichochea moto. "Nililia mpaka jioni. Kisha nikaona nikizililia hazitaota, nikazipanda."

Nje kuku walikuwa wanaparua. Halima alitazama mikono yake, ile mikono mahiri ya ungo, akaona haina kazi.

"Vuli inakaribia," alisema mwishowe. "Sina mbegu, Rahma. Hata moja. Nimekuja kuomba."

Rahma akaingia chumba cha ndani. Alirudi na kikapu, na Halima akakitambua kabla hakijafika mwangani, kwa ule mshono uliofumuka ukingoni ambao alikuwa ameuona siku ile na kusema kikapu hicho kinamtosha. Sasa kilikuwa kimejaa mpaka mdomoni: nyeusi, kahawia, madoadoa, zimenona zote. Rahma akapiga magoti, akakiweka mapajani mwa mama mkwe wake kwa mikono miwili.

Halima akaingiza vidole. Chini kidogo, katikati ya zile nyeusi, akaona mchirizi mwekundu. Akaona na mwingine. Vidole vikaanza kazi vyenyewe kabla hajaviambia, vikiitoa ile ya michirizi na kuiweka kando, na nyingine, na nyingine.

Rahma akauweka mkono wake juu ya mkono wa Halima, taratibu, ukatulia.

"Usizichambue, mama," alisema.